Askari wa Samora: sanamu iliyoahidi majina

Mgeni wa Dar es Salaam akipotea katikati ya mji huelekezwa hivi: "Nenda hadi Askari, halafu uliza." Na kweli atafika, maana hakuna asiyemjua. Amesimama juu ya jukwaa lake pale Mtaa wa Samora unapokutana na Maktaba na Azikiwe, bunduki mikononi, ncha ya singe ikielekea bandarini. Magari yanamzunguka mchana kutwa, wauza magazeti wako karibu naye, na watu huahidiana kukutana hapo kama wanavyoahidiana kukutana chini ya mwembe.

Ukiwauliza hao wanaokutana hapo yule ni askari wa nani, majibu yanatawanyika. Mmoja atakwambia ni shujaa wa Majimaji. Mwingine ataapa ni mwanajeshi wa JWTZ aliyewekwa baada ya Uhuru. Mzee atasema ni Keya, mmoja wa wale waliopelekwa Burma kupigana na Wajapani. Mzee ndiye aliyekaribia. Ni Keya kweli, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), lile jeshi la Mwingereza lililokusanya vijana wa Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na baadaye Tanganyika. Lakini si wa vita ya Burma. Ni wa vita iliyotangulia, ile ya 1914 hadi 1918, iliyopiganwa hapa hapa kwetu, kuanzia Tanga na Kilimanjaro hadi Rufiji na Ruvuma.

Sanamu ilizinduliwa mwaka 1927. Aliichonga Mwingereza James Alexander Stevenson, ikamiminwa kwa shaba nyeusi Uingereza, ikaletwa kwa meli. Mtaa wakati huo uliitwa Acacia Avenue. Baada ya Uhuru ukawa Independence Avenue, kisha ukapewa jina la Samora Machel. Majina ya mtaa yamebadilika, yeye hajabanduka.

Kabla yake mji huu ulikuwa na sanamu nyingine. Mwaka 1909 Wajerumani walisimamisha sanamu ya Hermann von Wissmann, yule kamanda aliyeizima vita ya Abushiri pwani, na aliyekuja kuwa gavana. Katika sanamu ile Wissmann yuko juu, na chini yake kasimama askari Mwafrika akimtazama bwana wake kwa kuinua uso. Waingereza walipouteka mji Septemba 1916 waliiondoa. Baada ya vita ilirudishwa Ujerumani, ikawekwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg, na huko wanafunzi wakaiangusha miaka ya 1960. Kwa hiyo ndani ya miaka 18 mtu wa Dar es Salaam aliona askari mweusi akihamishwa kutoka miguuni mwa Mzungu hadi kileleni peke yake. Jambo hilo si dogo. Katika miaka ile, sanamu ya Mwafrika isiyo na Mzungu pembeni, katikati ya mji wa kikoloni, ilikuwa kitu cha nadra sana.

Hata hivyo, ili kuielewa sanamu hii inabidi kufika karibu kabisa, kwa sababu jambo lenyewe liko kwenye maandishi.

Yako kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, na ipo mistari ya herufi za Kiarabu, maana watu wengi wa pwani waliojua kusoma wakati ule walisoma kwa herufi hizo. Aliyeyatunga ni Rudyard Kipling, mwandishi maarufu wa Uingereza aliyekuwa mshauri wa Tume ya Kifalme ya Makaburi ya Vita. Yanasema, nikiyaeleza kwa maneno yangu, kwamba huu ni ukumbusho wa askari wenyeji wa Afrika waliopigana, wa wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na wa wengine wote waliotumika na kufa kwa ajili ya mfalme wao na nchi yao katika Vita Kuu. Kisha linakuja neno la mwisho, lenye uzito kuliko yote: ukiipigania nchi yako, hata ukifa, watoto wako watalikumbuka jina lako.

Sasa lizunguke jukwaa lote, ukitafuta jina. Hakuna. Hakuna hata moja.

Hapo ndipo penye fundo lenyewe. Kwa nini ukumbusho unaoahidi kwamba jina halitasahaulika umejengwa bila jina lolote?

Tuanze na maneno "mfalme wao na nchi yao". Mfalme yupi? Vita ilipoanza Agosti 1914, Tanganyika ilikuwa chini ya Mjerumani. Vijana wa Unyamwezi, Usukuma, Umanyema na pwani waliovaa sare wakati huo walivaa sare ya Kaiser, mfalme wa Wajerumani. Jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck lilikuwa na Wajerumani wapatao 3,000 tu lilipokuwa na nguvu zaidi. Waliobaki, zaidi ya 11,000, walikuwa askari Waafrika. Ndio walioipiga nguvu ya Mwingereza kutoka India pale Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, na ndio waliokimbizana naye miaka minne, wakavuka Ruvuma kuingia Msumbiji, wakarudi, na kuweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Huko Ulaya vita ilikuwa imekwisha kwa wiki mbili nzima.

Kwa hiyo sanamu ya Samora ni ukumbusho wa jeshi lililouteka mji, uliowekwa ndani ya mji uliotekwa. Mzee wa Gerezani aliyepita hapo mwaka 1927, kama alikuwa askari wa Mjerumani, aliyekuwa juu ya jukwaa lile alikuwa adui yake wa juzi. Na yawezekana pia alikuwa yeye mwenyewe, maana mwaka 1917 Waingereza waliunda kikosi cha 6 cha KAR kwa kuwachukua askari wa Mjerumani waliotekwa. Mtu mmoja aliweza kuanza vita na Kaiser akaimaliza na King George, huku nchi yake ikiwa si ya huyu wala ya yule. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoisoma vita ile kama ugomvi wa Wazungu ambao sisi tuliutazama tu. Tuliupigana, pande zote mbili, na mara nyingi ndugu kwa ndugu.

Lakini kundi kubwa kuliko yote halikushika bunduki.

Ubavuni mwa jukwaa zimechongwa picha ndogo ndani ya shaba, na humo wamo wapagazi na mizigo yao. Mtembea kwa miguu hawaoni mpaka ainame kidogo. Askari ni mmoja na amesimama juu kwa ukubwa wa mtu; wapagazi wako chini, wadogo. Nairobi, kwenye sanamu ya ndugu yake iliyowekwa mwaka uliofuata katika barabara inayoitwa sasa Kenyatta Avenue, mchongaji yule yule alimsimamisha mpagazi sambamba na askari. Mimi naona ile ya Nairobi imesema ukweli zaidi, kwa sababu ukihesabu watu, vita hii ilikuwa ya wapagazi kwanza, na ya askari baadaye.

Sababu ni mbung'o. Maeneo mengi yaliyopiganiwa yalikuwa na wadudu hao, na farasi, nyumbu na ng'ombe wa kukokota walikufa ndani ya wiki chache. Wajerumani walipokuwa wakirudi nyuma walivunja madaraja ya reli. Mvua zikishuka Rufiji, magari yalizama. Kikabaki kichwa cha mtu.

Na kichwa cha mtu kina hesabu yake. Tuchukue mfano. Mpagazi anabeba kilo 25 za unga, na posho yake ni kilo moja kwa siku. Kambi ya mbele iko mwendo wa siku 10. Akifika amekwisha kula kilo 10 za mzigo wake, na atahitaji 10 nyingine za kurudia. Anachowaachia wapiganaji ni kilo 5. Kwa mwendo huo, kumlisha askari mmoja mwezi mzima kunahitaji wapagazi wanne wasiopumzika, na hapo hatujagusa risasi, mahema, dawa wala masanduku ya maofisa. Kambi ikisogezwa mbele mwendo wa siku mbili na nusu tu, mzigo wote unaliwa njiani. Mpagazi anafika akiwa na posho yake ya kurudia tu. Hesabu hii ndiyo iliyowaua watu. Kila jeshi liliposogea, ama waletwe watu wengi zaidi, ama posho ikatwe. Vyote viwili vilifanyika.

Waingereza peke yao waliwatumia wapagazi wapatao milioni moja katika vita nzima, kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Zanzibar, Tanganyika yenyewe kadiri ilivyotekwa, na hata Afrika Magharibi na Kusini. Wabelgiji waliotoka Kongo na kuiteka Tabora Septemba 1916 waliwachukua wa kwao kwa maelfu mengi, na Wajerumani waliwachukua wa kwao bila daftari la maana. Nyasaland kazi hiyo iliitwa tengatenga, na hasira ya kuchukuliwa watu vitani ilikuwa moja ya mambo yaliyomfanya mchungaji John Chilembwe ainue watu wake dhidi ya Waingereza Januari 1915. Afrika Mashariki ya Mwingereza ilitungiwa sheria mwaka 1915 ya kuwachukua watu kwa lazima. Mwaka 1917, wakati wa kukusanya watu kwa wingi kule Kenya, vijiji vilibaki na wazee, wanawake na watoto.

Walikufa zaidi kwa tumbo kuliko kwa risasi. Kuhara damu, malaria, homa ya mapafu. Mtu aliyelelewa kwa ndizi au mtama alipewa unga wa mahindi uliosagwa vibaya, akaupika haraka mvuani kwa kuni mbichi, akaula ukiwa nusu mbichi, akalala chini bila kitu, kesho akaambiwa anyanyue. Rekodi za Waingereza zinatambua vifo vya makumi ya maelfu; watafiti waliozichambua wanaona idadi ilipita 100,000. Mauti hayakuishia kwa waliochukuliwa. Kule Ugogo, majeshi yote mawili yalichukua chakula, ng'ombe na vijana, mvua zikakosekana, na ikaja njaa ambayo Wagogo waliipa jina Mtunya. Mwisho wa vita ikaja homa kuu ya mafua ya 1918, ikawakuta watu wamechoka tayari. Waliokufa Ugogo hawamo kwenye hesabu yoyote ya vita.

Baada ya vita yakabaki mambo mawili ya kuamuliwa: fedha zao na makaburi yao.

La fedha nalitaja kwa kifupi, ingawa linauma. Mishahara ya maelfu ya wapagazi waliokufa haikudaiwa na mtu, kwa sababu hapakuwa na njia ya kuwafikia wenyewe. Yalitoka maombi kwamba walau fedha hizo zitumike kwa maendeleo ya Waafrika. Hazina ya London ilikataa.

La makaburi linahitaji maelezo marefu kidogo. Tume ya Makaburi ya Vita iliundwa mwaka 1917 ikiwa na kanuni moja iliyokuwa mpya duniani: kila aliyekufa atapata jina lake, iwe juu ya kaburi lake au, kama mwili haukupatikana, juu ya ukuta wa ukumbusho, na hapatakuwa na ubaguzi wa cheo, rangi wala dini. Hiyo ndiyo ahadi. Kipling mwenyewe ilimgusa mpaka ndani. Mwanawe John alipotea vitani Loos, Ufaransa, mwaka 1915, na baba alikufa bila kuonyeshwa kaburi lake. Lakini jina la John liliandikwa ukutani kule Loos, baba akawa na mahali pa kulisoma. Nikimfikiria Kipling akiandika kwamba watoto watakumbuka jina, siamini alikuwa anasema maneno matupu. Alijua uchungu wa kukosa kaburi.

Ila ahadi ile ilipofika Afrika Mashariki ilipinda. Wazungu wa vita ile wana makaburi yenye majina. Katika makaburi ya vita ya Dar es Salaam, kando ya barabara inayoitwa leo Ali Hassan Mwinyi, wapo wanajeshi 660 waliohamishiwa hapo mwaka 1968 kutoka makaburi ya Ocean Road ili kupisha barabara, na upo ukumbusho wenye majina zaidi ya 1,500 ya Waingereza na Wahindi. Kwa askari Mwafrika na mpagazi uliamuliwa utaratibu mwingine: hapatakuwa na jiwe wala jina, bali sanamu moja mjini kwa ajili ya wote. Ndipo zikajengwa tatu: Dar es Salaam, Nairobi na Mombasa.

Hoja ya kawaida ni kwamba majina hayakuwepo. Ni kweli kwa sehemu, kwani wengi walisajiliwa ovyo, na mpagazi aliandikwa kwa namba au kwa jina la chifu wake. Lakini si kweli yote. Mwaka 2021 Tume hiyo, inayoitwa sasa Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ilichapisha uchunguzi wake yenyewe na kukiri kwamba kati ya watu 45,000 na 54,000 wa Asia na Afrika walikumbukwa kwa namna isiyo sawa na wenzao, na kwamba wengine wasiopungua 116,000, labda kufikia 350,000, wengi wao Waafrika Mashariki na Wamisri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ilieleza waziwazi kwamba ubaguzi ulichangia. Tume iliomba radhi, na waziri wa ulinzi wa Uingereza akaomba radhi bungeni.

Ndani ya kumbukumbu hizo mna jambo linaloihusu Dar es Salaam moja kwa moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1920, gavana wa Tanganyika, Horace Byatt, alitoa maoni kwamba makaburi makubwa ya wapagazi, ya Dar es Salaam na kwingineko, yaachwe yarudi kuwa pori upesi iwezekanavyo. Tafakari neno "makubwa". Maana yake yalikuwepo, yalijulikana yalipo, na watu waliolala humo walikuwa wengi. Hayakupotea kwa bahati mbaya. Yaliachwa kwa uamuzi, na miaka michache baadaye ikaja sanamu ya kufidia.

Wanaotaka ing'olewe, kama mabaki mengine ya ukoloni, nawaelewa. Mimi siungi mkono. Ukimtoa askari, unabaki na mzunguko wa magari, na fundo linafungwa tena kabla watu hawajalifungua. Ningependa zaidi kibao kipya kando yake, kwa Kiswahili, chenye kueleza nani amekumbukwa hapo, nani ameachwa, na kwa nini jukwaa halina majina. Tunao mfano wetu wa jinsi ya kufanya. Kule Kaboya, Muleba, wamelala askari wetu waliokufa katika vita ya Kagera ya 1978 na 1979. Pale mzazi anaweza kumpata mwanawe.

Wapagazi wenyewe waliacha kitu ambacho hakuna tume iliyokipanga. Huko magharibi mwa mji, jengo ambalo Wajerumani walilijenga kwa ajili ya soko muda mfupi kabla ya vita liligeuzwa na Waingereza kuwa kambi ya wapagazi, Carrier Corps. Waingereza hawatamki herufi za mwisho za neno hilo la pili, wanasema "koo" tu. Watu wakasikia "keria koo", wakasema Kariakoo. Vita ikaisha, wapagazi wakaondoka au wakafa, soko likarudi kuwa soko, jina likabaki. Nairobi wakasikia kwa sikio lao, wakaita Kariokor. Kwa hiyo kila anayesema anakwenda Kariakoo kununua vitenge au vipuri analitaja jeshi lile la wabeba mizigo. Ni jina la kundi, lakini. Jina la mtu mmoja mmoja bado.

Na majina hayo yameanza kutafutwa. Januari 2025, Cape Town, ulizinduliwa ukumbusho wa nguzo za mbao kwa ajili ya wafanyakazi weusi wa Afrika Kusini waliokufa katika vita ile wakitumika barani Afrika, kila mmoja kwa jina lake: 1,772. Karne moja imepita, na majina yalikuwepo kwenye makaratasi siku zote. Kwa upande wetu kazi ni ngumu zaidi, ila daftari za jeshi, orodha za misheni na kumbukumbu za koo hazijasomwa zote.

Kuna kitu kingine cha kusoma, kidogo sana. Askari wa KAR walionusurika walipewa medali ya fedha yenye sura ya King George, na nyingi zimo bado ndani ya masanduku ya bibi zetu, kama hazijafika kwa sonara zikayeyushwa kuwa hereni. Anayeiona hutazama sura ya mfalme akaiweka chini. Ishike wima, uigeuze taratibu kwenye mwanga wa dirisha. Katika ukingo wake mwembamba, kwa herufi ndogo zilizogongwa kwa chuma, kuna namba, cheo, kikosi, na jina la mwenyewe.